Penye Lango Dogo la Kaskazini

Niliondoka Moshi kwa sababu kaka yangu alikataa kwenda Uchina. Binti yake Aneth, aliyekuwa akinunua nguo Guangzhou na kuzituma nyumbani, alitaka kuolewa na Mchina. "Nenda wewe, dada," kaka aliniambia. "Ukiona kwao hawamtaki, rudi naye."

Kutoka Hong Kong nilipanda treni. Mabwawa ya bata na mashamba yenye maji yalipita dirishani, nikawa nasinzia na kuamka nisijue lipi nimeliona na lipi nimeliota.

Guangzhou ilikuwa ndani ya ukungu. Ilikuwa Machi, kuta zilitoka maji, nguo hazikukauka, na misufi isiyo na majani ilichanua maua mekundu juu ya barabara. Aneth alikuwa amepanga chumba mtaa wa Xiaobei. Jioni tulikwenda kwa mchumba wake, Ming. Alinikaribisha kwa adabu, lakini babu yake aliyemlea alikula mpaka akamaliza bila kumtazama Aneth.

"Ndivyo alivyo tangu mwanzo, Shangazi," Aneth alininong'oneza. Nikaanza kufikiria tiketi yake ya kurudi.

Asubuhi, yule mzee alitujia na mwavuli, akaashiria tumfuate. Alisimama penye njia panda, katikati ya kelele za mabasi. Sikuona cha kutazama.

"Xiaobei maana yake ni kaskazini ndogo," alisema, Aneth akitafsiri. "Hapa palikuwa na lango la mji."

Wakulima waliingia alfajiri na mboga mabegani. Usiku lango lilifungwa, na aliyechelewa alilala nje. Mama yake mzee huyu alikuja kutoka kijijini akiwa bibi harusi, mvua ikamchelewesha. Alilala nje ndani ya machela yake nyekundu, akisikia mji ukicheka upande wa pili wa ukuta. Kulipokucha, mama mkwe alisema bibi harusi aliyefungiwa nje ni mkosi, na hakuacha kusema hivyo mpaka akafa.

Manyunyu yalianza, Aneth akabaki nyuma nje ya mwavuli. Tulipanda kilima cha Yuexiu, ambako kipande cha ukuta wa zamani kimebaki, mizizi ya miti imekikumbatia. Chini yetu mji wote ulikuwa umemezwa na ukungu.

"Nilikuwa mtoto walipobomoa lango wapitishe barabara," mzee alisema. "Baba alilia. Mama alinunua peremende, akatugawia."

Aneth alicheka. Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza, akasema maneno machache. Nikamgeukia Aneth.

"Amesemaje?"

"Anasema amenifanyia kama bibi yake, yule mama mkwe, alivyomfanyia mama yake. Anauliza kwa nini nalowa huko nyuma. Nisogee karibu naye."

Nilirudi Moshi peke yangu. Safari ile ilinifunza kwamba mji unaweza kubomoa lango lake, na bado mtu akasimama palepale miaka mingi, akingoja kuambiwa karibu.

Nilimsimulia kaka habari za bibi harusi aliyelala nje ya lango. Alimaliza chai yake, kisha akauliza viza ya Uchina inachukua muda gani kupatikana.