Barafu ya Meja

Wendell Tackett na Alvin Pettway waliingia kambini kwa lori moja, Novemba 1966, katika nyanda za juu za Vietnam. Mmoja mzungu wa milimani Kentucky, ukoo wa wachimba makaa wenye hasira za kurithi. Mwingine mweusi wa Alabama, mtoto wa wakulima wa pamba, mpole mpaka uchezee rashasha yake. Kombania yetu ikawaweka kwenye helikopta moja, Tackett fundi wake, Pettway mpiga rashasha. Huko fundi ndiye mwenye chombo. Marubani huazima tu.

"Ipelekeni salama, na mnirudishie hivyo hivyo," Tackett aliwaambia marubani kila asubuhi, na hata maluteni walicheka wakatii.

Mwaka mzima walishusha vijana msituni wakiwa wanatafuna ubani, wakawachukua jioni wengine wakiwa wamefunikwa turubai. Tackett aliosha sakafu kwa ndoo, akaziba matundu ya risasi, akapaka rangi. Kesho yake tena. Mvua zikanyesha zikakatika, nao wakawa wanakula kopo moja kwa kijiko kimoja.

Sasa sikia jambo la kuudhi. Askari alitumikia miezi kumi na miwili. Mkuu wa kombania miezi sita, kisha hao, anakwenda kwenye ofisi yenye feni na nishani kifuani. Yule wa kwanza alikuwa mtu. Yeye ndiye aliyeheshimu desturi ya kombania: askari akibakiza wiki mbili, haruki tena. Anaitwa bwana harusi. Anakaa chini anaota jua, na wenzake wanamtania.

"Bwana harusi, umeoga?"

"Nimeoga. Nyie nendeni mkafe, mimi nina safari."

Wa pili alikuwa Meja Haverkamp. Oktoba zamu yake ilipokaribia kwisha, akajiandalia sherehe ya kuagwa. Kanali angekuja, na kanali hanywi wiski bila barafu. Barafu ilikuwa Qui Nhon, bandarini, ng'ambo ya milima. Wapiga rashasha wengine wote walikuwa msituni. Akabaki Pettway.

"Afande, Pettway ni bwana harusi kama mimi," Tackett akasema. "Haruki."

"Haruki vitani. Hii ni safari ya sokoni. Na mshushe yale mabamba ya kukinga risasi. Barafu ni nzito."

"Pale kwenye pengo la mlima wenzetu walipigwa risasi juzi tu, afande."

"Unanifundisha kazi, Tackett?"

"Hapana, afande. Nakuonyesha njia."

Alitukanwa matusi ya kumtosha. Pettway akamvuta mkono.

"Acha, kaka. Mama yangu anashona mablanketi ya viraka tangu sijazaliwa, na hajawahi kushika hariri. Nitamnunulia hukohuko bandarini."

Akainunua, ya buluu, akaikunja ndani ya shati. Wakapakia mapande ya barafu yaliyofunikwa maranda, kamba wa baharini na katoni za bia. Helikopta ikapanda mlima ikiugua kwa uzito. Pale penye pengo, mtu mmoja mwenye bunduki moja alifyatua kutoka chini, na risasi ikapita sakafuni, mahali ambapo bamba la Pettway lingekuwa, ikampata.

Tackett alimlaza mapajani, akaziba jeraha kwa viganja, akamfokea rubani aongeze mwendo. Maji ya barafu yalipita chini ya magoti yake yakiwa mekundu.

"Kaka," Pettway akasema, "hariri isilowe."

Akafa kabla hawajauona uwanja.

Wapishi walikuja kuichukua barafu, wakaiosha. Nasema tena, waliiosha! Jioni ile kanali aligonganisha glasi na Meja, wakacheka. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi siku zote tulikuwa tunamtazama adui msituni.

Siku ya pili wakapanga buti za Pettway na kofia yake mbele ya gwaride. Meja akasema kijana huyu ameanguka kishujaa akiwapelekea wenzake risasi huku adui akishambulia.

"Ilikuwa barafu, afande," sauti ikatoka mstarini.

"Nani amesema?"

"Mimi, Tackett. Barafu ya wiski yako."

Tackett akavuliwa cheo papo hapo, na siku zake zilizobaki akachoma mavi ya vyoo vya kambi kwa dizeli. Meja akaondoka na nishani yake.

Tackett aliporudi Marekani hakwenda kwanza kwa mama yake. Alipanda basi hadi Alabama, kifurushi kwapani. Odessa Pettway, mama yake Alvin, alimfungulia mlango akamtazama kwa wasiwasi, kwa kuwa mzungu hakuja kwenye nyumba zile kwa heri.

"Tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu, mama. Nilikuwa na Alvin."

Akamkaribisha jikoni, akamwekea chai baridi. Akakifungua kifurushi, akaipapasa hariri. Ilikuwa na alama ya maji pembeni.

"Walituambia alikuwa anawapelekea wenzake risasi," akasema. "Ndivyo?"

Ingekuwa rahisi kuitikia. Tackett aliutazama mkono wake kwenye glasi, na barafu iliyokuwa ikielea ndani, akaisukuma glasi mbali.

"Alikuwa amebeba barafu, mama. Ya sherehe ya mkubwa wetu. Nilikataa, hakunisikia."

Odessa hakulia. Aliikunja hariri palepale ilipokuwa imekunjwa, akaenda dirishani.

"Isaiah! Acha hiyo kazi, uje ndani!"

Mumewe akaingia akijifuta mikono. Odessa akamvutia kiti, kisha akamgeukia mgeni.

"Sema tena, baba yake asikie. Na huyo mkubwa, umtaje jina."