Kikombe cha Asani kinaoshwa mbele ya watu

Habari ilinifikia sokoni Kasongo, na mpaka leo haijanitoka: eti Asani Faradji wa Kabambare, mwenye duka aliyeingia baraza la teritwari, yaani la wilaya, amebandika nta ndani ya kikombe chake cha kupimia chumvi ili kipime kidogo.

Kumekucha Kabambare, nami nimefika kujionea. Asani anatoka na birika, anamimina maji ya moto ndani ya kikombe mbele ya duka, anakisugua, kisha anakigeuza wapita njia waone. Macho yake ni mazito.

"Kama ni nta, ingeyeyuka," anasema. "Lakini wenye kuangalia iko wachache."

Zamani hakuhitaji kuonyesha kitu. Akishasawazisha kikombe, alichota chumvi kwa vidole vitatu akaongeza juu. Nyongeza hiyo wamama waliiita ya mutoto. Kwa ajili yake waliyapita maduka mengine, na waume zao wakamwomba Asani asimame katika uchaguzi wa Desemba.

Kosa lilianzia hapo. Karani wa teritwari aliwaonya wagombea wasigawe kitu kwa wapiga kura. Asani, mtu wa kufuata amri, akaacha kutoa ya mutoto, wala hakueleza sababu. Jirani yake, Mama Ernestine, aliyesikia tetesi za onyo hilo, alimwuliza kama siku hizi watoto nao wanapiga kura. Dukani watu wakacheka. Yeye akanyamaza, akidhani ndiyo heshima.

Alishinda. Kesho yake akairudisha ya mutoto kwa furaha. Wamama wakatazamana: chumvi hii ya bure inatoka wapi, kama si ndani ya kikombe? Uvumi wa nta ukazaliwa.

Gunia lililokwisha kwa juma moja sasa linakaa mwezi. Barazani anapiga miayo, dukani anapiga miayo. Mkewe, Subira, anafagia huku akimwambia, "Baba, watu walikupenda juu ya mukono wako wa kutoa. Wewe ukawafungia mukono na kinywa."

Asani hatasimama tena. Anataka tu Mama Ernestine arudi kununua bila kuchungulia kikombe.

Mwanangu Amisi anauza vitambaa hapa Kasongo, na vijana wameanza kumwita mheshimiwa. Kwake na kwa wenzake:

Msiache desturi ya duka bila kusema sababu.

Msiirudishe kesho yake baada ya kushinda.

Msinyamaze mkitaniwa, jibuni, hata vibaya.

Msikubali kusimama kabla ya kuwauliza wake zenu.

Na msioshe kikombe mbele ya watu. Hata mimi, niliyejua kwamba nta ni uongo, nilichungulia.