Alivua aproni ya bluu ili ajibiwe ukweli

Ni asubuhi, na chumba cha pasi cha kiwanda hiki cha kufulia kimeshapata moto. Mlango ukifunguliwa, mvuke ndio unaotoka kwanza, watu baadaye. Mashuka ya hospitali yanaingia kwenye rola nene yakiwa na unyevu, yanatoka upande wa pili yamenyooka. Wanawake wawili wanayapokea, wanayakunja, wanageuka kupokea mengine. Huko kugeuka tu ni kazi tosha.

Mmoja wao ana miwani inayoingia ukungu kila anapoinama. Anaivua, anaifuta kwa pindo la aproni yake ya kijivu, anaivaa tena. Midomo inamcheza. Ukimtazama kwa haraka utadhani anasali.

"Anasoma huyo," anasema mwenzake huku akicheka. "Usimwone hivi. Mikono iko kwenye shuka, kichwa kiko chuo kikuu."

Si utani. Mwanamke huyu, ambaye chumba kizima kinamwita Profesa, anamalizia shahada ya uzamili katika saikolojia ya kazi, taasisi na afya kazini. Kwa lugha ya kawaida, anasomea kinachoupata moyo na mwili wa mtu kwa sababu ya kazi anayoifanya, wakubwa alio nao na namna mahali pake pa kazi palivyopangwa. Jioni na mwisho wa wiki yuko darasani. Mchana yuko hapa, kwenye joto.

Alipowaambia wenzake kwa mara ya kwanza kwamba anasomea saikolojia, walimjia juu. "Saikolojia? Kwani sisi vichaa?"

"Nikawaambia tulieni, jamani, vichaa wana wataalamu wao," anakumbuka. "Mimi nasomea wazima kama nyinyi, mnaochoka halafu mnasema hamjachoka."

Hilo la kuchoka na kukana alilijua tangu utotoni. Mama yake alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za watu. Kila aliyepita alimwambia, "Pole na kazi," naye bila kuinua kichwa alijibu, "Nimeshapoa." Leo bibi huyo anaishi kwa binti yake, na kikombe cha chai anakibana kwa viganja viwili, maana vidole havikunjiki tena.

"Nilikuwa najiuliza, kapoa saa ngapi?" anasema Profesa. "Mikono bado imo ndani ya beseni!"

Basi swali hilo la mtoto ndilo lililomtoa kwenye rola likamfikisha chuo kikuu. Mwandishi wa makala haya amekaa na wasomi wengi, lakini hajasikia swali lililompiga kifuani kama hilo.

Wakati wa utafiti ulipofika, Profesa hakuhangaika kutafuta mahali. Alichagua chumba chake mwenyewe. Wakati huo alikuwa msimamizi wa zamu, cheo alichokisubiri kwa miaka, mwenye aproni ya bluu na sauti ya kusikilizwa. Meneja alimruhusu kuwahoji wafanyakazi wakati wa chai, kila mtu peke yake, kwa siri na kwa hiari.

Akawahoji. Kila mmoja alimwanzia kwa "pole na kazi", na kila mmoja akamjibu "nimeshapoa". Uchovu? Hakuna. Usingizi? Mzuri. Joto? Tumelizoea. Kuna lolote linalokuumiza? Tunashukuru, bosi.

Mwalimu wake wa utafiti, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, aliyasoma majibu yote kisha akamtazama. "Hiki ni chumba cha pasi au ni peponi?"

Profesa hakucheka. Bila majibu ya kweli hakuna utafiti, na bila utafiti hakuna shahada. Jioni zote zile, pamoja na usingizi aliouiba kwenye mwili wake mwenyewe, zilikuwa zinakwenda na maji.

"Ulipokuwa unawauliza," mwalimu akaendelea taratibu, "ulivaa nini?"

"Aproni yangu."

"Ya rangi gani?"

"Moyo ulinifanya paa!" anasema Profesa, mkono kifuani. "Nilijiona mjinga. Aproni ya bluu ndiyo inayoandika nani kachelewa. Ndiyo inayotoa ruhusa. Nani mwenye akili zake ataiambia amechoka?"

Mwalimu alimshauri ahamie kiwanda kingine ambako hajulikani, aanze upya. Ulikuwa ushauri mzuri, na mtu mwingine angeushika kwa mikono miwili. Profesa alikataa. Alisema hawezi kwenda kuwasikiliza wageni huku wenzake wa miaka yote amewaacha na "nimeshapoa" yao.

Akaenda kwa meneja, akaomba arudishiwe aproni ya kijivu. Meneja alipigwa na butwaa. Alidhani amepata kazi kwingine na anaona haya kuaga.

"Unataka kushuka cheo? Kwa hiari yako?"

"Nataka kurudi kwenye rola."

Posho ya usimamizi ikaondoka siku hiyohiyo. Nyumbani, mumewe, dereva wa lori, aliitazama aproni ya kijivu ikining'inia kwenye kamba, akatikisa kichwa. "Watu wanasoma wapande, mke wangu. Wewe umesoma ukashuka!" Halafu akaingia jikoni kupika, maana ilikuwa jioni ya darasa.

Tusisahau kwamba hakuna aliyemhakikishia kitu. Wenzake wangeweza kunyamaza mpaka mwisho, akakosa cheo na shahada kwa pamoja. Na kweli walianza kwa kunyamaza. "Katumwa huyo," walinong'ona. Alipoketi nao wakati wa chai, mazungumzo yalihamia kwenye hali ya hewa. Yeye hakuuliza chochote. Alijifunga kibwebwe akafanya kazi, akaungua kifundo cha mkono kama wengine, akapakwa dawa na walewale waliomshuku.

Lakini siku ya kwanza tu alikuwa amekwishapata somo ambalo hakulitarajia. Alibanwa na haja. Utaratibu wa chumba ulikuwa kwamba mtu wa rola haondoki mpaka anyooshe mkono, msimamizi amwone na amkubalie. Msimamizi mpya ni msichana aliyefundishwa kazi na Profesa mwenyewe.

"Mwanamke mzima, mama wa watoto, nimesimama mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza," anasema. "Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na mikono yote ile ya siku za nyuma nilikuwa nikinyooshewa mimi. Nikiona ni utaratibu tu."

Kuna mfanyakazi mmoja ambaye hajawahi kuonekana akinyoosha mkono. Ndiye mwandamizi wao wote, na wanamwita Chuma, kwa sababu hachoki, haumwi, haombi ruhusa. Siku moja wakati wa chai Profesa alimwona akipokea kikombe, akikizungushazungusha mkononi, kisha akimmiminia jirani yake chai yote.

"Pole na kazi, dada," Profesa akamwambia. Alisema kama tunavyosema sote, bila kuwaza.

Chuma alikaa kimya. Wengine wakageuka, maana jibu la salamu hiyo huwa halichelewi.

"Sijapoa," akasema Chuma.

Chuma akaendelea kuongea huku akitazama kikombe kitupu. "Sijapoa, mdogo wangu. Miaka yote hii sinywi maji tangu naamka mpaka natoka kazini. Sinywi ili nisinyooshe mkono. Mkojo unaniunguza, kichwa kinaniuma, halafu nyinyi mnaniita Chuma."

Ee Mungu wangu! Ndani ya joto lile linalokausha mashuka, mtu asimeze hata funda la maji, kwa kulinda heshima yake. Na hakuwa peke yake. Mmoja akasema naye hufanya hivyohivyo. Mwingine akasema yeye hunywa funda moja tu na kumwomba Mungu. Mpaka mapumziko yanakwisha, wanawake watu wazima walikuwa wakilia na kucheka kwa zamu, wakigundua kwamba kila mmoja alikuwa akiificha siri ileile.

Profesa akawaomba ruhusa upya, akaanza mahojiano upya. Safari hii walimtafuta wao. Meneja aliposoma matokeo aliuliza nani kasema hayo.

"Chumba kimesema," Profesa akamjibu.

Meneja, tumpe haki yake, hakuuliza tena. Leo hii anayetaka kutoka humgusa mwenzake begani, mfanyakazi wa akiba akashika nafasi yake, naye akaenda zake. Karibu na mlango kuna pipa la maji safi lenye bomba. Mwandishi amemwona Chuma akinywa vikombe viwili mfululizo, macho ameyafumba.

Wiki ijayo Profesa atasimama mbele ya jopo la chuo kuutetea utafiti wake. Mwalimu anasema kazi iko tayari. Meneja amekwisha kumwambia aproni ya bluu ni yake tena, lakini hajaichukua. Akihitimu, anataka kwenda kwenye vyumba vingine, vya washonaji, wapakiaji na wapishi wa mahospitali, akae nao kwanza kabla ya kuuliza.

Jioni, nyumbani kwake, mama yake ameketi mlangoni, kikombe kati ya viganja. Kila siku humwuliza binti yake huko chuo wanafundishwa nini. Leo Profesa amemweleza yote, tangu aproni mpaka Chuma.

"Akasema hajapoa?" bibi anauliza. "Mbele za watu?"

"Mbele za watu, mama."

"Kumbe inaruhusiwa kusema hivyo."

Profesa anaweka mkoba wa vitabu chini. Anachuchumaa mbele ya mama yake, anavua miwani.

"Pole na kazi, mama."

"Sijapoa, mwanangu."

"Wapi, mama?"

Bibi anaweka kikombe chini, na kumnyooshea mikono yote miwili.