Kuku ya Kihungaria na Firigisi ya Baba Mkwe

Wacha niseme ile mbaya kwanza nipumue: mimi ndiye nilikula firigisi ya baba mkwe. Sikuwa mlevi. Niliitafuna nikiwa nimesimama kwa jiko, mwiko mkononi, mzee mwenyewe akiwa sebuleni ananawa mikono.

Kwetu Bungoma firigisi haigawanywi. Ni ya mwanaume mkubwa kwa meza, basi. Na huyu mzee alikuwa ametoka Sirisia kuja kuona boma yetu, aseme kama binti yake ataolewa na mimi ama niendelee kujifulia soksi.

Lawama naiweka Kitale. Niliacha shule form two, nikaenda kupika kwa mama mmoja mzungu wa Hungaria. Hiyo ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kitu, boda boda bado ni baiskeli. Akanifundisha kuku ya kwao. Unakaanga kitunguu mingi pole pole, unatoa sufuria kwa moto, ndio unaweka paprika, ile unga nyekundu ya pilipili haiwashi. Ikiungua inakuwa chungu kama dawa ya malaria. Halafu kuku, maji kidogo, mwisho maziwa lala imekorogwa na unga. Ya kula nayo ni vidonge vya ngano na mayai, unavikatia na kisu ndani ya maji inachemka.

Firigisi huyo mama hakutaka hata kuiona. "Yako, mpishi," alikuwa anasema. Miaka tatu, kila kuku, yangu. Mkono ikazoea kuokota na kutupa mdomoni.

Sasa na kiherehere yangu nikasema siku ya mzee napika mwenyewe, ajue amepata mkwe wa kimataifa. Rafiki yangu akaleta jogoo kutoka Chwele na baiskeli. Nikapika, nikapakua, nikaketi.

Mzee akaangalia vidonge. "Kijana, hii ugali ilivunjwa na nani?"

"Ni ya Hungaria, baba."

"Huko hawana mwiko?"

Mama yangu hakuwa ananiamini hata kidogo. Alikuwa amesonga ugali kwa siri. Akaileta mbio, akimwambia mzee angalau jogoo ni ya Chwele. Mzee akachovya mchuzi, akachovya tena. Nikaanza kujiona bwana harusi.

Halafu kijiko yake ikaanza kutafuta. Ikapita upande huu wa bakuli, ikapita ule. Hapo ndio nilisikia ladha ya firigisi kwa meno yangu.

"Hii kuku," mzee akauliza, "ilikuwa inasaga chakula na nini?"

"Baba, kuku ya Kihungaria..."

"Si mmesema ni ya Chwele?"

"Ni ya Chwele."

"Ehe?"

"Nilikula, baba."

"Ulikula."

"Nilikuwa naonja chumvi."

Mama akafunika uso na leso. Mzee hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Alimaliza mchuzi yote, akapangusa bakuli na ugali, akavaa kofia.

"Mchuzi ni tamu sana," akasema. "Mambo ya msichana tutaongea siku utaniita nikule kuku yote."

Akaenda. Ilibidi ningoje mpaka mahindi ivunwe ndio akubali kurudi.

Siku hiyo mzee akitoka, rafiki yangu wa baiskeli alikuwa kwa mlango, anamaliza vidonge ambavyo mzee aliviacha. Aliniangalia na huruma, mdomo umejaa.

"Lakini wewe, bana," akasema, "si ungekula hata mguu? Miguu ziko mbili."