Nembo Isiyotiwa Mkaa

Harufu ya mbegu za mbarika zinazoungua huingia puani ikakaa hukohuko. Kwetu Kitangari harufu hiyo ilikuwa ya Bibi Nangumbi, mchanja nembo, kwa maana mkaa wa mbegu hizo ndio aliopaka kwenye chale ili ziwe nyeusi hadi kaburini. Mwaka ule ilikuwa zamu yangu kuchanjwa uso. Ulikuwa pia mwaka wa vita na Wadachi. Upande wa Masasi moshi ulionekana, na sisi wasichana tulioteremka bondeni kuteka maji tulikatazwa kuimba.

Ndipo mjomba wangu, aliyekuwa akipeleka utomvu wa mpira Lindi kuuza, akarudi na jora la kitambaa. Juu yake imebandikwa karatasi, na kwenye karatasi mna herufi kubwa zisizo na mwili. Nasema hivyo kwa kuwa sijui kusema vingine. Ilikuwa mistari tu, myembamba kama unywele wa mtoto mchanga, imezunguka uwazi, na kwenye ncha ikajikunja kuwa majani na vikonyo. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Bibi Nangumbi, mwanamke asiyemsifu mtu, alikaa chini kabisa.

"Mkono gani huu?" akasema. "Halafu mpumbavu huyu amechanja vizuri hivi, akakimbia kabla ya kutia mkaa!"

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Bibi, hizo si nembo. Ni herufi za watu. Ndivyo zilivyo, ndani wazi."

"Nawe unajua nini? Nilikuchanja uso ukilia kama mbuzi. Leteni mtoto. Nitamtia hii kwenye kipaji cha uso."

Mimi nilitaka, tena sana. Mama akamgeukia kaka yake. "Inasema nini?" Mjomba hakujua. "Basi haiingii usoni pa mwanangu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kama ni jina la Mdachi je? Wakija wale wapiganaji wa maji ya dawa, watamwua kwamba ni mtu wa Mdachi. Wakija askari wa Mdachi, watamchukua kwa neno hilohilo."

Bibi Nangumbi aliitazama karatasi ile muda mrefu, kisha akampa mama aitie motoni. Akanilaza, akachanja nembo zetu zilezile za ukoo, lakini kila umbo aliliandika kwa mstari mmoja mwembamba, na katikati akaiacha ngozi bila mkaa, kama nilivyozaliwa nayo. Kisu hakikusita mahali popote. Sikulia. Nilipopona, wanawake walikuja kutoka Makote kunitazama, wakawa wananong'ona kama wako msibani.

Watu wa maji walipita. Askari nao walipita, wakachoma maghala yetu, tukala mizizi. Wote walinishika kidevu, wakanigeuza huku na huku, wakaona Mmakonde, wakaniacha.

Siku hizi nembo ni ya chupa ya soda, na nyuso za wasichana ni laini kama sahani. Sisemi ni vibaya, chale zinauma. Wajukuu wangu wanasoma kila kitu, hata maandishi ya basi la Mtwara likiwa linakimbia. Juzi mmoja alinisomea kadi ya harusi iliyoandikwa kwa herufi za ndani wazi, zenye vikonyo. Alimaliza kabla sijavuta pumzi. Nikamwuliza kama ameziona. "Ni mapambo tu, Bibi." Nikamwambia aanze upya, azitazame polepole, na asinisomee neno hata moja.