Konzi ya maharagwe iliyosimamisha vikapu vyetu mpakani

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu wakubwa kwa wadogo. Mi ni bibi, shule niliiacha mapema, kwa hiyo herufi mtanivumilia. Majina ya watu lakini sisahau. Nasema yalivyokuwa, chumvi mtaongeza wenyewe.

Waliokuwepo ni hawa. Mimi. Spesioza, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Kapitolina, jirani yangu wa kambi ya wakimbizi Tanzania. Tulirudi kwetu pamoja, tukajenga Mwakiro, mkoa wa Muyinga, jirani tena.

Karimu, mwenye duka pale Magarama, Gitega. Babu zake walitoka Uhindi, ila Kirundi chake kinanishinda mimi. Bahati, dereva wa kamyo, yaani lori, Mkongomani wa Uvira. Na Melkiyori, wa duane, nyie mnaita forodha.

Basi.

Tuliporudi, amani ilikuwa imekaa. Shamba tulipata, cha kuanzia maisha hatukuwa nacho. Ila tunajua kufuma vikapu, vile vya kifuniko kilichochongoka.

Karimu akapata mnunuzi ng'ambo. Akatuambia, "Mama zangu, mzigo huu wa kwanza ukifika salama, kazi mnayo. Ukikwama, yule ananunua kwingine, na mi ruhusa yangu ya kusafirisha iko hatarini."

Tukafuma na wanawake wengine wa kijiji. Karimu alipima kikapu kimoja dukani kwake, akazidisha, akaandika kwenye deklarasiyo, ile karatasi ya duane: vikapu vya majani, vitupu. Akasaini.

Siku ya safari kamyo ikatoka Gitega, ikapakia Mwakiro. Karimu alikaa mbele na Bahati, nasi wanawake watatu tukapanda kuusindikiza mzigo. Kwetu mgeni hatoki peke yake.

Bahati akacheka njia nzima. "Mnasindikiza majani? Si mngevaa kabisa nguo za harusi!"

Spesi akamjibu, "We endesha. Mke wako alisindikizwa na nani, mbuzi?"

Mpakani mizani ikakataa. Uzito ulipita ule wa kwenye karatasi, tena mbali.

Melkiyori ni mtu wa sauti ya chini. Akamuuliza Karimu, "Ndani kuna nini?"

"Hewa."

Melkiyori akakata uzi wa kikapu kimoja, akainua kifuniko. Maharagwe, konzi moja. Akafungua cha pili, mtama. Cha tatu, maharagwe tena.

Karimu akakaa chini pale pale. "Mama zangu, nani kaweka?"

Tukatazamana. Yampayinka! Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Kwa wasiojua: kwetu kikapu hakipelekwi kwa mtu kitupu. Ni kama kuitakia nyumba yake njaa. Hakuna anayekufundisha, wala anayetangaza. Unatia konzi, unafunika, umemaliza.

Melkiyori akasema, "Mama, hata mama yangu hufanya hivyo. Lakini karatasi inasema vitupu, na hizi ni mbegu. Huko zinakokwenda wanaogopa wadudu, hawapokei mbegu isiyokaguliwa. Ama mrudi mtafute cheti cha mimea, ama mmwage hapa, tupime upya na Karimu aandike upya."

Kurudi kulikuwa na maana moja: meli ingeondoka Dar bila mzigo wetu.

Wakuu, najua mnachowaza. Hapana. Hakuna kilichopita mkono kwa mkono. Nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Spesi akatandika kitenge, akaanza kumwaga. Nami nikamwaga. Kapitolina akakumbatia kikapu chake.

"Mi simwagi."

Melkiyori akamuuliza, "Sokoni Muyinga, mama, unauza kikapu na maharagwe ndani?"

"Siuzi."

"Sasa?"

"Sokoni mtu analipa anaenda zake. Huyu mnunuzi wa ng'ambo kanipa kazi nikiwa sina hata sufuria. Nimpelekee njaa?"



Spesi ndiye aliyempata. Alisema bila kuinua kichwa, anamwaga tu: "Kapito, kwao watamshika kwa maharagwe yako. Mtu unayemtakia heri unampelekea kesi?"

 Kapitolina akafunua kifuniko, akamwaga, akakipangusa ndani kwa kona ya kitenge chake.

Tulifungua vyote. Mizani na karatasi mpya vikasema neno moja, Melkiyori akagonga muhuri, kamyo ikavuka. Mzigo ulifika. Kazi tunayo mpaka leo.

Siku hizi kabla ya kufunga mzigo kila mwanamke analeta konzi yake, tunapika chungu kimoja, tunakula na Karimu na Bahati. Kisha Karimu anapita, anafungua kila kifuniko. Anasema anatuamini. Lakini anafungua.

Nilichojifunza: wewe unayetuma mali nje, usipime kimoja ukazidisha. Na aliyekutengenezea usimuulize tu ameweka nini. Muulize kwao huwa wanafanyaje. Hata baraka, duane wanataka uiandike.

Wenye biashara za mpakani, mlikwama kwa nini nyie? Semeni tujifunze.

Kapitolina naye anabisha, anasema alimwaga kabla yangu. Mi nakumbuka alikuwa wa mwisho. Kama ulikuwa kwenye foleni ile ukatuona, nisahihishe.