Jezi za Timu Yetu Kwenye Kamba

Siku ile naikumbuka kwa harufu, mwanangu. Harufu ya jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Mpaka leo nikifungua chupa ya jiki najiona tena msichana wa miaka kumi na tisa, nimeinamia beseni isiyo yangu, moyo unanidunda kwa wivu. Nitakusimulia, lakini kwanza nikueleze mpira ulivyokuwa, maana nyinyi mnaoutazama kwenye simu mnadhani ulianzia humo.

Baba yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli hapa Nakuru, na sisi tukazaliwa kwenye nyumba za reli, mlango ukitazamana na mlango. Timu ilikuwa ya hapo hapo. Kipa alikuwa jirani aliyekuja kwetu kuomba chumvi. Namba tisa, aliyetufungia mabao mengi kuliko wote, ungemkuta Jumatatu ndani ya ovaroli ananuka grisi, na ukitaka kujua kwa nini alikosa lile bao la wazi, unamuuliza pale pale naye anakujibu. Na bao likiingia, limeingia. Siku hizi watu wanaruka, wanakumbatiana, halafu wanaambiwa wangoje kidogo, mwamuzi ameenda kuangalia runinga. Furaha ya kungojea ruhusa mimi siielewi, na usiniambie ni uzee.

Jezi zilikuwa seti moja tu, nyekundu, za pamba nzito, na mfuaji wake nilikuwa mimi. Usicheke. Kazi hiyo wasichana wengi waliitamani. Kila Jumamosi nilizifua kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kisha nikazianika kwenye kamba ndefu mbele ya nyumba yetu, migongo ikitazama njia, kwa kufuata namba, kuanzia ya kipa mpaka kumi na moja. Jezi ya mchezaji aliyeumia haikuanikwa nje. Hiyo ilikaukia ndani. Kwa hivyo mtu akipita aliisoma ile kamba, na akiona pengo kati ya nne na sita alijua kesho namba tano hachezi. Wazee walisimama pale wakabishana. Nami nilikaa mlangoni nikijifanya sisikii, na ndani yangu nilijiona nusu ya timu.

Ndipo akaja Rael. Alitoka Kuresoi, akafikia kwa mjomba wake nyumba ya tatu kutoka kwetu, ili ajifunze ushonaji aepukane na kuchimba viazi maisha yake yote. Wiki ya kwanza tu aliona jezi ya kipa imechanika kwapani, akaishona mpaka huoni ilipochanika. Kapteni akafurahi kupita kiasi. Akasema kuanzia sasa jezi ziende kwa Rael, maana anaweza kufua na kushona, na mimi nipumzike. Nipumzike! Nani alimwambia nimechoka?

Rael mwenyewe alikuja kwetu kwa heshima kuniuliza zinaanikwaje. Nilimjibu aanike tu. Lakini alikuwa ameniangalia siku zote, na Jumamosi akazianika sawasawa, namba kwa namba, na wale wazee wangu wakasimama mbele ya kamba yake wakamsifu. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda. Timu hiyo nilikuwa nimeipenda tangu nikiwa mgongoni kwa mama, na yeye ameshuka juzi kutoka milimani.

Jumamosi iliyofuata, siku moja kabla ya mechi na timu ya Molo, Rael aliloweka jezi kwenye bomba la wote akarudi ndani kuchukua kamba. Nikamwaga jiki kwenye beseni yake. Ningekuambia sikufikiri, lakini huo ni uongo. Nilikuwa nimefikiri siku tatu.

Seti ilikuwa ile ile moja, kwa hivyo Jumapili baada ya kanisa timu yetu iliingia uwanjani na madoa meupe mgongoni na tumboni. Watu wa Molo walicheka mpaka wakakaa chini, wakatuita timu ya surua. Vijana wetu walicheza kama watu waliovuliwa nguo, tukafungwa mbili bila. Mechi ilipoisha Rael alisimama mbele ya wachezaji akawaomba msamaha, akasema labda ni maji ya bomba, yeye hajui. Mjomba wake alikuwa pale, na aibu ilimzidi. Alisema mbele ya watu kwamba kesho yake asubuhi msichana anarudi Kuresoi, kwa sababu fundi gani atamwamini na kitambaa cha mtu.

Mimi nilikuwa nimetaka jezi tu. Sikuwa nimetaka arudishwe kwenye viazi. Hata hivyo nilinyamaza, na sehemu fulani ya moyo wangu, nakuambia ukweli, ilianza kuhesabu siku za kuanika tena.

Jioni nilibadilisha nguo za kanisa nikavaa rinda langu la kazi, lile lile la jana, nikaenda bombani. Mzee Andayi alikuwa ameketi karibu hapo. Huyu alikuwa shabiki mkongwe kuliko wote, amestaafu reli, na hakuwahi kukosa mechi hata mvua ikinyesha ya mawe. Aliniangalia, akaniuliza taratibu, "Msichana wangu, na hiyo rinda yako, ilicheza namba ngapi?"

Nikaangalia chini. Pindo lote lilikuwa na madoa meupe. Yeye hakupandisha sauti.

"Mimi nimependa hii timu kabla uzaliwe," akasema. "Kabla yako nimeona wafuaji wanne. Kila mmoja alifikiria timu ni yake. Timu ni ya yule mwenye atakuja kesho, hata kama hajui jina lako. Sasa enda kwa huyo mjomba kabla msichana afunge mzigo."

Nilienda, mwanangu. Ilikuwa hatua chache tu. Nilimkuta mjomba anakunywa chai, Rael anakunja nguo zake kitandani, nikasema yote nikiwa nimesimama mlangoni, na lile rinda nikawaonyesha. Mjomba alinifokea, na haki yake. Rael hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Si ungeniambia tu unazitaka?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo.

Rael alibaki Nakuru akawa fundi. Mimi kapteni alinikataza kugusa jezi, na timu ikacheza na madoa yale msimu mzima, kwa hivyo kila Jumapili niliitazama kazi ya mikono yangu ikikimbia uwanjani. Baada ya miezi mingi nilipita bombani nikamkuta Rael peke yake anahangaika kukamua ile jezi nzito ya kipa. Hakuniangalia. Alininyooshea upande mmoja akasema, "Shika." Nikashika, tukakamua. Tangu siku hiyo tulifua wawili.

Timu ile ilikufa. Uwanja umejengwa nyumba za kupangisha, na mimi nilihamia mtaa wa Kaptembwo, ninakaa na mjukuu wangu Kevo, wa boda boda. Jumamosi moja majuzi akiwa anatoka kwenda kazini mbio mbio alinirushia jezi nyekundu ya timu moja ya Uingereza. "Shosh, nifulie hii. Leo tuko na mechi."

Tuko! Wewe na nani? Nilimuuliza kama anaijua timu ambayo baba yangu mimi aliishangilia hapa hapa Nakuru. Akasema hizo ni stori za kitambo, akawasha pikipiki akaenda. Nikabaki nimeshika ile nguo, na wivu wa zamani ukanirudia wote, na meno yake yote. Timu ambayo haijui kama Kaptembwo iko, imemchukua mtoto wangu bila hata kumsalimia. Jiki ilikuwa pale karibu na beseni. Nilifungua kifuniko, mwanangu. Kwa umri huu.

Harufu ndiyo iliniokoa. Nilisikia lile swali la Rael kana kwamba yuko mlangoni. Nikafunga chupa, nikafua jezi kwa maji baridi, nikaianika, mgongo ukitazama njia. Ilikuwa namba tisa.

Saa nane hivi Rael akafika. Siku hizi anakaa Kiamunyi kwa binti yake, na Jumamosi huja kunitembelea na fimbo yake. Alisimama langoni akaitazama kamba.

"Leo tunacheza na nani?" akauliza.

Nikamwambia sijui, amngoje Kevo.

"Na hawa wengine kumi, wameumia wote?"

Tulicheka mpaka nikajifuta macho kwa leso, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko. Kevo aliporudi kuchukua jezi yake nikamwambia wazi kwamba naionea wivu timu yake. Kijana akanitazama kwa mshangao. "Si ungesema tu unataka kuja, shosh?"

Basi tulienda, vikongwe wawili benchi la mbele kwenye ukumbi wa kutazama mpira, katikati ya vijana. Bao liliingia, nikaruka na magoti yangu haya, halafu tukaambiwa tungoje. Rael akanishika mkono tukangoja. Likakataliwa, na nikakasirika kama mtu aliyefua jezi zote kumi na moja.

Wivu haujaniisha, nisikudanganye. Bado naonea wivu ule uwanja unaong'aa na wale wachezaji wasionijua. Lakini nasaha yangu ni hii. Ukipenda kitu sana, wivu utakuja, na kuja kwake si dhambi. Useme kwa mdomo kabla haujashuka kwenye mikono. Mwambie mwenzako, hicho nakitaka, au, hapo naumia. Mara nyingi utakuta nafasi ilikuwepo siku zote. Na yule anayekuja baada yako, hata asipojua jina lako, mwonyeshe kamba inaanikwaje.

Mungu akujalie timu ya kupenda, mwanangu, na akiba ya sauti ya kuishangilia mpaka uzeeni. Na siku nguo itakapokuwa nzito kukamua peke yako, akupe mtu wa kushika upande wa pili.